WinDirStat: ramani ya diski kwa aliyefuta mafaili na nafasi isirudi

Kompyuta mpakato ninayoitumia ofisini kwangu, ambako tunachapa barua, tunapiga picha za pasipoti na kuhariri video za harusi, ina diski ya SSD ya GB 256, ambayo Windows huitaja kuwa ni GB 238. Tofauti hiyo si wizi wa muuzaji kama wateja wengi wanavyodhani, kwani kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000, ilhali Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824 na bado ikaiandikia herufi zile zile mbili. Siku moja diski hiyo ilibakiwa na GB 2.7 tu, video ya harusi ikakataa kuhifadhika, nami nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya: niliingia kwenye folda za kazi zilizokwisha kulipiwa na kuchukuliwa, nikafuta mafaili yenye jumla ya GB 11, kisha nikarudi kuangalia nafasi iliyopatikana. Ilikuwa GB 2.7 ile ile.

Fundi mmoja niliyempigia simu alinijibu, bila hata kuiona mashine, kwamba diski imekwisha na nitafute kubwa zaidi. Labda ningemsikiliza kama hesabu zangu zingekubali. Folda zote ninazozijua, baada ya kufuta, zilikuwa na GB 84 hivi, na Windows pamoja na programu nilizoweka, hata nikizikadiria kwa ukarimu, hazizidi GB 70. Kwa hiyo kulikuwa na GB 80 ndani ya diski yangu ambazo hazikuwa na mwenyewe. Hapo ndipo nilipopakua WinDirStat, programu ya bure niliyokuwa nimeisikia kwa miaka mingi bila kuona haja yake. Nimeitumia kwa wiki sita sasa, kwenye mashine hiyo na nyingine mbili za ofisini, na tathmini hii imetokana na matumizi hayo.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi, au tuseme mpakuaji, anapaswa kulielewa ni kwamba WinDirStat si programu ya kusafisha kompyuta. Haina kitufe kikubwa cha kijani kinachoahidi kuiongezea mashine kasi, wala haitoi vitisho vya maandishi mekundu kwamba una makosa 1,400 yanayohitaji kurekebishwa. Inachofanya ni kupita folda moja baada ya nyingine, kusoma ukubwa wa kila faili, na kukuwekea matokeo katika dirisha lenye sehemu tatu. Juu kushoto kuna orodha ya folda zilizopangwa kuanzia iliyokula nafasi kubwa zaidi. Juu kulia kuna orodha ya aina za mafaili kwa kufuata herufi za mwisho wa majina yao, kama .mp4 au .docx, na kila aina imepewa rangi yake. Na chini, katika sehemu inayochukua karibu nusu ya skrini, kuna ramani. Katika ramani hiyo kila faili ni kipande cha mstatili, na eneo la kipande hicho linalingana na ukubwa wa faili lenyewe. Filamu ya GB 4 inaonekana kama shamba, barua ya Word ni punje ya mchanga.

Wazo la ramani hii lina historia inayonifurahisha, kwa sababu lilizaliwa kutokana na shida ile ile iliyonileta mimi. Mwaka 1990 Ben Shneiderman, wa Chuo Kikuu cha Maryland nchini Marekani, alikuwa katika maabara ambayo diski yake ya MB 80 ilitumiwa na watu 14, ikawa imejaa, na haikuwa rahisi kujua ni nani aliyeijaza na kwa nini. Akatafuta namna ya kuionyesha diski nzima katika picha moja isiyozidi skrini. Mwaka 1999 Jarke van Wijk na mwenzake wa chuo cha ufundi cha Eindhoven, Uholanzi, waliviongezea vipande hivyo vivuli vinavyovifanya vionekane kama mito ya kulalia iliyopangwa, ili jicho litambue mpaka wa folda moja na nyingine. WinDirStat, iliyoandikwa na Bernhard Seifert kwa kuiga programu ya Linux iitwayo KDirStat, ilivichukua vyote viwili. Toleo lake la 1.1.2 la mwaka 2007 lilitumika kwa zaidi ya miaka 15 bila mrithi, hadi lilipotoka toleo la 2 ambalo ndilo ninalolizungumzia hapa. Diski ya MB 80, kwa kulinganisha, leo isingetosha video ya dakika moja ya bibi harusi akiingia ukumbini.

Nilipoifungua, programu iliuliza ni diski gani ya kukagua, nikachagua C, nayo ikamaliza baada ya sekunde 40 hivi. Katika mashine ya pili, yenye diski ya zamani inayozunguka ya TB 1, nilipata muda wa kunywa chai. Ni vizuri kuifungua kwa ruhusa ya msimamizi tangu mwanzo, yaani kwa kubofya kulia na kuchagua kuiendesha kama msimamizi, kwa sababu bila ruhusa hiyo zipo folda ambazo Windows haitairuhusu izisome.

Swali langu la kwanza lilijibiwa kabla sijashuka nusu ya orodha. Kulikuwa na folda iitwayo $RECYCLE.BIN yenye GB 11. Hilo ndilo pipa la taka, na naona aibu kuliandika, kwa sababu ninajua kwamba faili linalofutwa kwa kitufe cha Delete haliondoki kwenye diski bali huhamishiwa pipani, na kuhamisha kitu kutoka chumba kimoja hadi kingine hakupunguzi mizigo ya nyumba. Nilichokuwa sikijui ni ukubwa wa pipa lenyewe. Windows hulitengea sehemu ya diski, na kwa diski kama yangu sehemu hiyo inaweza kupita GB 10, kiasi kwamba kazi ya wiki nzima ya kufuta inaweza kuingia humo yote na nafasi isibadilike hata kidogo. Pipa likijaa, vilivyotangulia hutupwa ili vipya viingie, na faili moja likizidi ukubwa wa pipa, Windows huuliza kama ulifute moja kwa moja. Ndiyo maana mtu mmoja hufuta filamu kubwa na kuiona nafasi ikirudi papo hapo, na mwingine hufuta mafaili madogo elfu moja asione kitu, kisha wakabishana, na wote wawili wamesema kweli.

Hapa pia ndipo WinDirStat inapoweza kumpoteza mtu asiyesoma vizuri. Ukichagua faili ndani ya programu na kubonyeza Delete, faili linatoweka kwenye ramani, na moyo unatulia. Lakini nalo limekwenda pipani. Ukibonyeza Shift pamoja na Delete ndipo linafutwa moja kwa moja bila kupitia huko. Binafsi ninaona uamuzi wa waandishi kuifanya njia ya kwanza kuwa ya pipani ni wa busara, kwani kipande cha rangi hakikuambii kilichomo ndani yake ni nini; ila ingefaa programu imkumbushe mtumiaji, kwa maandishi yanayoonekana, kwamba nafasi bado haijarudi.

Baada ya kumwaga pipa nilikuwa na GB 13.7, na bado GB 70 zilikuwa hazijulikani zilipo. Nikaitazama ramani. Upande wake wa kulia kulikuwa na eneo pana la rangi moja, lililokatwakatwa vipande vidogo vidogo visivyohesabika kama kokoto, na orodha ya aina za mafaili ilionyesha kwamba mafaili hayo hayakuwa na herufi zozote za mwisho. Nilipobofya kokoto mojawapo, orodha ya folda ilijifungua yenyewe hadi mahali lilipo faili hilo: ndani kabisa ya folda iliyofichwa ya AppData, katika folda iitwayo Backup, yenye folda ndogo nyingi zilizopewa majina ya herufi mbili mbili kama 0a, 3f na c7. Ilikuwa nakala kamili ya iPhone yenye GB 31. Simu hiyo si yangu. Miaka miwili iliyopita shemeji yangu alikuja ofisini kuhamisha picha zake, akaiunganisha, akakubali kila alichoulizwa na skrini, na nakala nzima ya simu yake ikabaki kwangu bila mimi wala yeye kujua. Kwa kutafuta kwa macho, folda kwa folda, nisingeifikia kamwe, maana Windows huificha AppData, na hata aliyeifungua angeona majina yasiyo na maana yoyote kwa binadamu.

Kabla ya kuifuta nilimpigia simu. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia kwamba simu ile ilikwisha kuibwa daladalani, na picha za mtoto wake wa kwanza za miezi sita ya mwanzo zilikuwa humo tu. Nakala ile sasa iko kwenye diski ya nje aliyoileta mwenyewe asubuhi yake. Ninakitaja kisa hiki katika tathmini ya programu kwa sababu kinaonyesha mpaka wa kazi yake: WinDirStat inajua ukubwa wa kila kitu na haijui thamani ya chochote, na anayekaa mbele yake akiwa na haraka na kidole kwenye Shift na Delete anaweza kufanya hasara ambayo GB 31 haziwezi kuifidia.

Kipande kikubwa kilichofuata kilinihusu mwenyewe. Programu ninayotumia kuhariri video hutengeneza, kwa kila video unayoiingiza, mafaili ya akiba ya muda ya sauti na picha ili ifanye kazi kwa wepesi, na huyaweka mbali na folda ya kazi. Unapofuta video, mafaili hayo hayafutwi. Nilikuwa na GB 19 za akiba za harusi ambazo video zake nilikwisha kuzifuta zamani, baadhi ya maharusi hao wakiwa wamekwisha kunialika kwenye sherehe za kipaimara cha watoto. Haya niliyafuta kwa kutumia menyu ya programu yenyewe ya kuhariri, si kwa WinDirStat, na ninamshauri kila mtu afuate njia hiyo panapokuwa na programu inayoyamiliki mafaili husika, kwa kuwa yenyewe ndiyo inayojua ni yapi bado yanatumika. Jambo la namna hii lipo sehemu nyingi. Barua pepe zilizofutwa ndani ya faili la PST la Outlook haziipunguzi nafasi linalochukua faili hilo mpaka libanwe. Diski ya kubuni ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa inayoendeshwa ndani ya kompyuta halisi, hukua unapoijaza na haisinyai yenyewe unapofuta vilivyomo. Hifadhidata ya SQLite hubaki na ukubwa wake wa juu hadi itolewe amri ya VACUUM. Katika yote hayo umefuta kweli, lakini umefuta ndani ya gunia, na gunia linaendelea kukaa sakafuni kwa upana wake ule ule. WinDirStat itakuonyesha gunia. Kulikunja ni kazi yako.

Sasa nije kwenye kitu ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kinachoipa programu hii hadhi kuliko zote nilizowahi kutumia. Ipo katika menyu yake chaguo la kuonyesha kile kinachoitwa nafasi isiyojulikana. Ukiliwasha, programu inachukua jumla ya nafasi ambayo Windows inasema imetumika, inatoa jumla ya mafaili yote iliyoweza kuyaona, na tofauti inayobaki inaionyesha waziwazi kama kipande kimoja katika ramani. Yaani programu inakiri kwa kipimo kile ambacho haikukiona. Kwangu kipande hicho kilikuwa GB 12, na mwenye kukaa humo alikuwa folda ya System Volume Information, ambayo Windows humfungia hata msimamizi.

Humo ndimo zinamowekwa nakala vivuli, ambazo Windows huzitumia kuirudisha mashine katika hali ya siku iliyopita endapo usasishaji au programu mpya itaiharibu. Namna zinavyofanya kazi ndiyo inayoeleza kwa nini kufuta mafaili kunaweza kuonekana kama kuchota maji kwa pakacha. Nakala kivuli inapopigwa, hainakili diski nzima. Inaweka tu ahadi kwamba diski itaweza kuonekana kama ilivyokuwa saa ile. Kwa hiyo ukifuta video ya zamani kisha ukaandika video mpya mahali ilipokuwa, Windows inalazimika kwanza kuyahamishia ghalani maandishi ya zamani ndipo iruhusu mapya yakae. Umeondoa kitu, umeweka kingine, na kile ulichokiondoa kinaendelea kulipiwa nafasi hadi ghala lifike kikomo chake na nakala ya kale zaidi kutupwa. Kikomo hicho hurekebishwa katika mipangilio ya ulinzi wa mfumo, na mimi nilikishusha hadi GB 5. Sikuzizima nakala hizo kabisa, na simshauri mtu azizime, kwa sababu siku zinapohitajika hakuna kingine kinachofanya kazi yake kwa dakika 10.

Niliona pia faili liitwalo hiberfil.sys lenye GB 3.2. Hilo ndilo mahali ambapo Windows hutunza yaliyomo kwenye kumbukumbu ya mashine inapoingia katika usingizi mzito, na kwa kawaida ukubwa wake ni asilimia 40 ya kumbukumbu hiyo, nayo mashine yangu ina GB 8. Amri ya powercfg /h off huliondoa mara moja, na karibu kila mtu anayetoa ushauri wa kuongeza nafasi huitaja. Mimi nimeliacha. Umeme wetu hukatika bila kuaga, betri ya kompyuta hii inashika kwa dakika 40 tu, na mara mbili nimeikuta kazi yangu salama kwa sababu mashine ililala yenyewe betri ilipokaribia kwisha. Kuna GB nyingine za kuzitafuta kabla ya hizo.

Jumla, diski iliyokuwa na GB 2.7 ilifikisha GB 70 na ushei, na diski mpya haikununuliwa. Na katika folda zangu za kazi niligusa GB 11 tu kati ya hizo, zile za mwanzo kabisa.

Kasoro zipo. Kwanza ni lugha yake ya maumbo, ambayo humchanganya mgeni: msaidizi wangu, binti makini anayeshika mambo upesi, aliitazama ramani kwa dakika nzima akidhani ni tangazo. Inabidi mtu akalishwe, aelezwe kwamba kila kipande ni faili na kwamba abofye kikubwa kwanza, ndipo mwanga unapoingia. Pili, mtu anaweza kujumlisha vibaya kama hajui tofauti ya safu mbili za ukubwa zilizomo katika toleo la 2. Moja huonyesha ukubwa wa faili kwa jina, nyingine huonyesha nafasi ambayo faili hilo limeikalia kweli kwenye diski. Mafaili ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, yaliyo mtandaoni tu, kwa mfano, yanaweza kuwa na GB 50 katika safu ya kwanza na karibu sifuri katika ya pili, na mtu akiyafuta kwa tamaa ya kupata GB 50 hatapata chochote kwenye diski yake ila yatafutwa na kule mtandaoni. Kwa upande mwingine, faili la KB 2 hukalia KB 4 nzima katika diski iliyoumbizwa kwa kawaida ya Windows, na katika flashi kubwa iliyoumbizwa kwa mfumo wa exFAT kila kijifaili kinaweza kukalia KB 128, jambo linaloeleza kwa nini folda ya picha ndogo ndogo huvimba inapohamishiwa huko.

Tatu, na hili ni zito zaidi, WinDirStat inaonyesha mafaili ya Windows yenyewe katika ramani ile ile na kwa ushawishi ule ule kama mafaili yako. Folda ya WinSxS, ambamo Windows hutunza vipande vyake yenyewe, inaonekana kubwa kupindukia, na sehemu ya ukubwa huo si ya kweli, kwa kuwa mafaili mengi yaliyomo ni majina mawili ya kitu kimoja kilichohifadhiwa mara moja tu. Kuipunguza kuna njia yake, ama kwa zana ya kusafisha diski iliyomo ndani ya Windows au kwa amri ya DISM, lakini kamwe si kwa kuingia na kufuta kwa mkono. Vivyo hivyo folda ya Installer iliyo ndani ya Windows: ukiifuta leo hutaona tatizo, na miezi mitatu baadaye utashindwa kuisasisha au kuiondoa programu fulani usijue sababu. Folda ya Windows.old, inayobaki baada ya kupandisha toleo, nayo huondoka yenyewe baada ya siku 10, hivyo mara nyingi subira inatosha.

Kwa wanaoiweka katika mizani na programu nyingine, mshindani wake wa kweli ni WizTree. Hiyo haipiti folda kwa folda, bali husoma moja kwa moja daftari kuu la mafaili ambalo kila diski ya NTFS, yaani iliyoumbizwa kwa kawaida ya Windows, huwa nalo, na kwa sababu hiyo humaliza kwa sekunde chache kazi ambayo WinDirStat, hata katika toleo ninalolitumia, linalofanya ukaguzi kwa mikono mingi kwa pamoja, huichukulia muda zaidi. Kama una diski inayozunguka yenye mafaili milioni moja, tofauti utaihisi. Lakini WizTree ni ya bure kwa matumizi binafsi tu, na mwenye ofisi anapaswa kuilipia, wakati WinDirStat ni programu huria chini ya leseni ya GPL, nami ninaweza kuiweka katika mashine zote tatu na ya jirani bila kumwibia mtu. Mipangilio ya hifadhi iliyomo ndani ya Windows yenyewe inatosha kwa mtu anayetaka kumwaga pipa na mafaili ya muda, ila haimwonyeshi diski nzima faili kwa faili. Programu za kusafisha zinazojitangaza katikati ya kurasa za kupakulia filamu sitazitaja, maana nimekwisha kuziondoa katika kompyuta za wateja mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

Toleo la 2 limeongeza kurasa mbili ninazozitumia kuliko nilivyotarajia. Moja ni orodha ya mafaili makubwa kuliko yote, iliyonyooka, isiyohitaji ufasiri wa ramani, na ndiyo ninayomwonyesha mteja mwenye haraka. Nyingine hutafuta mafaili yaliyorudufiwa kwa kulinganisha yaliyomo, si majina. Hii ya pili huchukua muda mrefu, kwani inabidi mafaili yasomwe, lakini katika mashine ya mapokezi iligundua kwamba fomu moja ya maombi ya kazi ilikuwa imepakuliwa mara 64, kila mara na namba mpya kwenye mabano.

Ninayo pia kwenye flashi yangu, kwa kuwa ipo inayoendeshwa bila kusakinishwa, na huko imenipatia kazi ambayo sikuitarajia. Wateja huleta flashi zao wakilalamika kwamba zimejaa na hazina kitu. Windows haiweki pipa la taka kwenye flashi, kwa hiyo wanachokifuta huku kinafutika; lakini waliozitumia kwenye kompyuta za Mac huwa wamefuta wakadhani yamekwisha, kumbe Mac imeyahamishia yote katika folda iliyofichwa iitwayo .Trashes humo humo ndani ya flashi. WinDirStat huionyesha folda hiyo kama shamba lililojaa skrini. Wengine huwa na virusi vile vya njia za mkato, ambavyo huzificha folda halali na kuacha alama bandia mahali pake, na hapo ramani humpa mteja habari njema zaidi, kwamba tasnifu yake iko palepale alipoiacha. Kwa huduma ya kwanza sitozi kitu. Kwa ya pili ninatoza 2,000, kwa sababu lazima nisafishe virusi kwanza.